Herufi za Kinyume

Niko orofa ya pili, River Road,
juu ya duka la spea, chini ya kinyozi,
mwaka wa kumi na tisa naandika kinyume
ili wengine wasome sawa.
Mpira, wembe, taa ya shingo ndefu,
na kioo cha kopo la poda
kinachonionyesha neno kabla halijazaliwa.

Jumanne moja akaja kijana wa viatu vinavyong'aa,
akalaza mezani karatasi ya zahanati.
"Nataka kama huu. Wa daktari. Tarehe izunguke."
Bei hakuitaja. Aliweka bahasha,
nayo ikakaa pale kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Kodi ilikuwa nyuma miezi miwili.
Nilijua. Naye alijua:
watu hawa husoma mlango kabla ya kuubisha.

"Leta barua ya zahanati," nikasema.
Akacheka. "Kwani wewe ni serikali?"
Mimi si serikali. Mimi ni Musembi,
na kwetu Masinga jina hilo ni la mwenye mbio.
Siku hiyo halikukimbia.

Mbio zilikuja baadaye.
Vyeti bandia vilinaswa Eastleigh, na mtaa ukasema
ni yule wa orofa ya pili, nani mwingine?
Jina langu likashuka ngazi kabla yangu.
Wazazi wa shule moja Kaloleni wakaondoa oda yao.
Mama Atemo wa chai, miaka yote akinikopesha,
akaanza kudai kabla ya kumimina.

Kisha wapelelezi wawili, na mfuko wa nailoni.
Wakaimwaga mihuri mezani kama mbegu za parachichi.
Nikaomba nafasi. Nikaichukua lenzi.

Hili sikuwahi kumwambia mtu, hata Nekesa ninayemfunza:
kila muhuri ninaoukata
naiachia herufi A pengo dogo, chembe ya wimbi,
kwenye mguu wa kushoto.

Wa kwanza, si wangu.
Wa pili, wa tatu, si wangu; hata wembe haukunolewa.
Wa saba, si wangu.
Wa nane

pengo. Mguu wa kushoto.
Kazi ya mwaka wangu wa kwanza, njaa ya mwaka wa kwanza,
shule isiyokuwepo, mwalimu mkuu asiyezaliwa.

Nao hawakujua la kutafuta.
Lenzi ilikuwa kwangu.
Wembe pia.

"Huu ni wangu," nikasema.
Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeagiza maji.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani.
Sidhani walilala seli ya Kamukunji,
ambako usiku wa pili nilimsikia mtu akimsihi askari
amsomee karatasi yake, kama ina muhuri,
kama ina muhuri basi mtoto atapokelewa hospitalini.
"Unao," askari akajibu. "Wa duara. Wa zambarau."
Yule mtu akalala.
Hakuuliza nani aliukata.

Niliyatazama mabati mpaka kukapambazuka.
Miaka kumi na tisa nilidhani nakata mpira.

Faini nililipa kwa kuuza pikipiki.
Mama Atemo bado anadai kwanza, ingawa sasa
sukari anaongeza bila kuulizwa.
Wateja wanarudi mmojammoja, kama umeme wa mtaa wetu.
Nekesa hakuufunga mlango hata siku moja;
alikata muhuri wa akina mama wa ushonaji, Dandora,
akaugeuza U juu chini, tukaurudia.

Leo nimekata wangu mwenyewe, wa risiti.
IBMESUM, lasema mpirani.
Nikaitafuta A nitie pengo.
Jina langu halina A.

"Sasa watu watajuaje ni kazi yako?" Nekesa akauliza.
Nikapuliza vumbi.
Nikagonga.